Swali la Kupe Katika Wodi ya Wazazi

Mjamzito akifikishwa hospitali ana homa kali, kichwa na mgongo vinamuuma, tumbo linamkata, kisha baada ya siku chache fizi zikaanza kuvuja damu, hakuna mhudumu atakayekosa jambo la kudhani. Palipo na mbu, dhana ya kwanza ni malaria. Shinikizo la damu likionekana limepanda, dhana inahamia kwenye kifafa cha mimba. Damu ikitoka ukeni, itasemwa mimba inaharibika au kondo la nyuma limeachia kabla ya wakati. Dhana zote hizo zina msingi, maana hayo ni miongoni mwa maradhi yanayowatesa na kuwaua wajawazito kila siku, na mhudumu anayeanzia hapo anafanya kazi yake ipasavyo. Lakini upo ugonjwa mmoja unaoweza kufanana na kila moja ya dhana hizo kwa siku kadhaa za mwanzo, nao ni homa ya Krimea-Kongo, homa ya kutokwa damu inayosababishwa na virusi na kuenezwa na kupe. Ninachokitetea hapa ni kwamba hatari kubwa ya kwanza kwa mjamzito aliyeambukizwa homa hii ni kutotambuliwa, na kwamba hatari hiyohiyo inamwangukia mkunga anayempokea. Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu dawa na mashine, kuna swali ambalo wodi ya wazazi katika maeneo ya wafugaji inapaswa kulizoea: mama huyu amekuwa akifanya kazi gani kwa mikono yake wiki mbili hizi?

Jina la ugonjwa lenyewe linabeba historia inayotuhusu. Mwaka 1944, vita vikielekea ukingoni, askari wa Kisovieti wapatao 200 waliokuwa wakisaidia kazi za mashambani katika rasi ya Krimea waliugua homa kali yenye kutoka damu. Mtafiti Mikhail Chumakov na wenzake waliufuatilia ugonjwa huo na kuuhusisha na kupe. Miaka 12 baadaye, mwaka 1956, virusi vilipatikana katika damu ya mtoto wa miaka 13 aliyekuwa akiumwa homa huko Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani. Watafiti wa taasisi ya virusi ya Entebbe, nchini Uganda, walivichunguza virusi vya Kongo na kuvieleza kwa kina mwaka 1967. Muda si mrefu, mwaka 1969, ikabainika kwamba virusi vya Krimea na vya Kongo ni vilevile. Kwa hiyo huu si ugonjwa wa ugenini ulioletwa na wasafiri. Umekuwapo katikati ya Afrika tangu zamani, na Uganda imeendelea kupata wagonjwa mara kwa mara tangu mwaka 2013, hasa katika wilaya za ukanda wake wa mifugo. Kenya nayo iliandika mgonjwa wake wa kwanza kuthibitishwa mwaka 2000, upande wa magharibi.

Kupe anayehusika zaidi ni wa jamii ya Hyalomma. Wafugaji wa Afrika Mashariki wanamjua sana kupe wa kahawia wa masikioni, anayeleta ndigana kali kwa ng'ombe, na wenye nyumba za udongo wanamjua papasi, anayeleta homa ya vipindi. Hyalomma ni mwingine. Ana miguu mirefu yenye mistari myeupe na ana macho, na badala ya kung'ang'ania jani akisubiri mnyama apite, yeye huondoka mahali alipo na kumkimbilia mnyama au mtu. Akiwa mchanga hula kwa sungura na ndege wa ardhini. Akikomaa hupanda ng'ombe, kondoo, mbuzi na ngamia. Akishaambukizwa hubaki na virusi maisha yake yote, na jike anaweza kuvirithisha kupitia mayai. Mnyama aliyeumwa na kupe huyo hubeba virusi katika damu kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo bila kuonyesha dalili yoyote. Hakohoi, hakondi, hatupi mimba. Mfugaji anamtazama mbuzi mzima kabisa, anamkamua, anamchinja, anamchuna. Hapa ndipo tofauti na homa ya Bonde la Ufa inapoonekana, kwa sababu ile hutangulia kwa kuharibu mimba za mifugo na hivyo kuwapa watu tahadhari. Homa ya Krimea-Kongo haitoi tahadhari hiyo zizini. Dalili ya kwanza kuonekana popote ni binadamu kuugua.

Njia za kuambukizwa ni mbili kubwa, kuumwa na kupe au kugusa damu na majimaji ya mnyama au mtu mwenye virusi, na zote mbili hupita kwenye kazi ambazo katika jamii nyingi hufanywa na wanawake. Tazama mikono ya anayekamua alfajiri. Kupe jike aliyeshiba damu ananing'inia kwenye kiwele, amevimba. Mkamuaji anamng'oa kwa vidole ili mnyama asirushe teke, halafu anamminya kwa ukucha wa dole gumba mpaka apasuke, na damu iliyotoka anaipangusa kwenye kanga. Kama kidole kina mchubuko, virusi vimepata mlango. Uturuki, nchi iliyoutambua ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwaka 2002 katika mkoa wa Tokat na ambayo tangu hapo imehesabu wagonjwa zaidi ya 10,000, imeonyesha kwamba wanawake wanaugua karibu sawa na wanaume, kwa sababu vijijini wao pia ndio wenye zizi. Maelezo yanayouita huu ugonjwa wa wachinjaji na wachungaji yanamfanya mhudumu amsahau mama wa nyumbani, ambaye kwenye fomu ya hospitali mbele ya neno «kazi» huandikiwa kwamba hana kazi.

Ushahidi kuhusu wajawazito si mwingi, ila unatosha kutisha. Mwaka 2017 watafiti kutoka Urusi, Kazakhstan, Uturuki na kwingineko walikusanya kila taarifa waliyoweza kuipata. Wagonjwa 34 walitoka katika maandiko ya kitabibu yaliyokwisha kuchapishwa, na wengine wanane walikuwa hawajawahi kuandikwa popote, jumla wajawazito 42. Kati ya 41 ambao mwisho wao ulijulikana, mama 14 walikufa, yaani mmoja katika kila watatu. Kwa upande wa watoto, waliokufa tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa walikuwa 24 kati ya 41, zaidi ya nusu. Kutokwa na damu ndiko kulikohusiana kwa nguvu na kifo, cha mama na zaidi cha mtoto. Na kuna takwimu nyingine katika kazi hiyohiyo ambayo naona haijazungumzwa inavyostahili: wajawazito sita tu, kati ya 37 ambao habari zao zilifuatiliwa kwa jambo hili, waliwaambukiza watu 38 ndani ya hospitali.

Msomaji makini atasema idadi hiyo ni ndogo na huenda imepinda, na atakuwa na haki. Madaktari huandika yanayowashtua. Mama aliyepata homa ya kawaida, akapona na kujifungua salama hapelekwi kwenye jarida la kitabibu, lakini aliyekufa meza ya upasuaji ataandikwa. Uturuki, ambako wagonjwa wengi wa hali nyepesi hupimwa, vifo kwa wagonjwa wote ni takriban asilimia 5, ilhali Shirika la Afya Duniani linasema katika milipuko vinaweza kufikia asilimia 40. Tofauti hiyo haitokani na virusi peke yake. Inategemea nani anapimwa, anafika siku ya ngapi, na damu ya kumwongezea ipo au haipo. Kwa hiyo nisingemwambia mjamzito yeyote aliyeambukizwa kwamba ana nafasi moja katika tatu ya kufa kana kwamba ni hesabu iliyokwisha. Hata hivyo, kasoro hiyo ina upande wa pili. Wanawake wanaokufa kijijini, au wanaokufa hospitali na kuandikiwa malaria kali au kifafa cha mimba, hawamo katika wale 42. Takwimu inaweza kuwa imezidisha ukali wa ugonjwa na papo hapo imepunguza idadi ya waliougua. Kinachobaki imara baada ya kupunguza yote hayo ni mwelekeo: damu ikianza kutoka kwa wingi, mtoto hufa kabla ya mama, na wodi inaingia hatarini.

Kwa nini mimba iufiche ugonjwa huu vizuri hivyo? Virusi hushambulia ini na kuta za mishipa midogo ya damu, na mwili unapopambana navyo mfumo wa kugandisha damu huvurugika. Chembesahani, zile chembe ndogo zinazoziba palipotoboka, hupungua kwa kasi, na vimeng'enya vya ini hupanda. Sasa ipo hali ya ujauzito ambayo madaktari huiita HELLP, ndugu wa kifafa cha mimba, ambamo chembe nyekundu hupasuka, ini huumia na chembesahani hupungua. Weka majibu ya maabara ya wagonjwa hawa wawili kando kwa kando na utaona mengi yanafanana. Tatizo ni kwamba matibabu yao yanakwenda njia tofauti. Kwa HELLP, tiba ni kumzalisha mama, mara nyingi kwa upasuaji na kwa haraka. Kwa homa ya Krimea-Kongo, kumpasua mtu ambaye damu yake haigandi ni kufungua jeraha ambalo huenda lisifungike, mbele ya timu nzima iliyoinama juu ya damu yenye virusi.

Alama za kutofautisha zipo kwa anayezitafuta. HELLP kwa kawaida haiji na homa kali ya ghafla, na mara nyingi huandamana na shinikizo la juu la damu na protini kwenye mkojo. Homa ya kupe huanza kwa kishindo: baridi, maumivu ya misuli, macho mekundu, uso kuiva, kutapika. Chembe nyeupe za damu kwa kawaida huongezeka mtu akiwa mjamzito, lakini katika homa hii hupungua, kwa hiyo mjamzito mwenye homa na chembe nyeupe chache anastahili kutazamwa mara ya pili. Tena kuna mtego mwingine wa maabara. Protini inayogandisha damu, faibrinojeni, hupanda sana miezi ya mwisho ya ujauzito. Kiwango ambacho karatasi ya maabara itakiita cha kawaida, kwa kulinganisha na watu wasio na mimba, kwa mama wa miezi minane kinaweza kuwa tayari kimeporomoka. Anayesoma karatasi bila kukumbuka tumbo atapitwa na siku mbili za thamani. Na kipimo cha malaria kikitoka chanya hakimalizi jambo, kwani katika maeneo mengi ya Uganda na Kongo mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria na wakati huohuo akawa anaumwa kitu kingine.

Ndiyo maana swali linatangulia kipimo. Aliyeumwa na kupe huugua kwa kawaida baada ya siku moja hadi tatu, au hadi tisa. Aliyegusa damu huugua baada ya siku tano au sita, au hadi 13. Wiki mbili zinatosha kuzifunika njia zote mbili. Mkunga hana haja ya kusema maneno makubwa ya kitabibu. «Mama, wiki mbili hizi umekamua, umeng'oa kupe, umesaidia mnyama kuzaa, umechinja au umeosha matumbo? Yupo nyumbani aliyeugua homa na kutoka damu?» Akijibu ndiyo, na homa ipo, anatengwa na wengine kwa heshima, damu inachukuliwa kwa uangalifu na kupelekwa maabara yenye uwezo, kama ile ya Entebbe. Siku za mwanzo kinachotafutwa ni chembe za urithi za virusi vyenyewe. Kingamwili huanza kuonekana karibu siku ya tano, na kwa wagonjwa wanaokufa mapema huenda zisionekane kabisa. Kwa hiyo hospitali inayopima kingamwili pekee siku ya tatu na kusema hana ugonjwa itakuwa imejidanganya.

Historia ya hospitali na homa hii inaonyesha gharama ya kutouliza. Januari 1976, mjini Rawalpindi, Pakistan, mchungaji wa mifugo alifikishwa hospitali na maumivu ya tumbo na kutapika damu, akapasuliwa kwa kudhaniwa ana tatizo la tumbo. Alikufa. Baba yake akafa, daktari aliyempasua akafa, na mhudumu wa chumba cha upasuaji akafa. Mwaka 2003 huko Nouakchott, Mauritania, mwanamke kijana aliugua muda mfupi baada ya kumkatakata mbuzi, akalazwa, na kabla haijajulikana anaumwa nini alikuwa amewaambukiza watu 15 hospitalini na wanne wa familia yake. Mlipuko mzima ulikuwa na wagonjwa 38, na zaidi ya robo yao walikufa. Sasa fikiria wodi ya wazazi. Wodi nyingine hugusa damu ya mgonjwa kwa sindano. Ya wazazi huigusa kwa viganja vyote viwili. Chupa ya uzazi hupasuka na maji kuruka, kondo la nyuma hupokewa na kukaguliwa kipande kwa kipande, msamba hushonwa, shuka hubebwa, bibi au shangazi huoga damu hiyo anapomsafisha mwanawe. Wale 38 walioambukizwa na wajawazito sita hawashangazi ukiitazama kazi hiyo kwa karibu.

Pingamizi la kwanza nitakalosikia kutoka kwa wakunga wenyewe ni la haki: wodi imejaa, mkunga mmoja ana wazazi wengi, glovu zenyewe hazitoshi, na sasa anaambiwa atafute ugonjwa ambao pengine hatauona maisha yake yote. Jibu langu si kwamba homa hii ni ya kawaida. Si ya kawaida. Lakini swali halina bei, linachukua muda mfupi kuliko kupima uzito, na linaulizwa kwa wenye homa tu katika maeneo yenye mifugo na kupe. Faida yake pia haiishii kwenye ugonjwa mmoja. Anayegusa mifugo anaweza kuwa na brusela, homa ya Bonde la Ufa au homa ya Q, na kila moja kati ya hizo imehusishwa na mimba kuharibika. Kuhusu glovu, sitamlaumu mkunga. Anayestahili kuulizwa ni anayepanga bajeti, kwa sababu aproni ya plastiki, glovu ndefu, miwani ya kinga na klorini humkinga mhudumu dhidi ya damu ya kila mzazi, mwenye virusi vya Ukimwi, homa ya ini au asiye na chochote. Kulizungumzia hili kama maandalizi ya mlipuko wa nadra ni kulipunguza. Ni haki ya kazi ya kila siku.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatokana na uzoefu mchungu. Wakati wa mlipuko mkubwa wa Ebola Afrika Magharibi kati ya 2014 na 2016, wako wajawazito waliogeuziwa mgongo hospitalini kwa sababu tu walikuwa wanatoka damu, na damu ilikuwa imegeuka sababu ya kuogopwa. Mama aliyekuwa na kondo lililoachia, jambo ambalo hospitali inaweza kulikabili, alikufa nje ya lango. Je, kuwafundisha wakunga kuishuku homa ya kupe hakutarudisha ukatili huo? Kunaweza, endapo shaka itafundishwa peke yake bila vifaa na bila utaratibu. Mhudumu asiye na kinga ana njia mbili tu, ajitolee afe au akimbie, na si halali kumweka binadamu yeyote kwenye chaguo hilo. Anapokuwa na chumba cha pembeni, vifaa vyake na namba ya kupiga, shaka humfanya amsogelee mgonjwa akiwa amejikinga. Tena hofu kubwa zaidi huzaliwa pale ambapo ugonjwa umegunduliwa baada ya mwenzao kufa. Wodi iliyouliza mapema haifiki huko.

Mgonjwa akishatambuliwa, tegemeo kubwa ni huduma ya kuusaidia mwili: maji ya mishipani kwa kipimo, kuongezewa damu, chembesahani na plazma, kufuatilia mkojo na pumzi, na kuepuka yanayoongeza kutoka damu. Aspirini na dawa za jamii ya ibuprofeni hazifai, na sindano za kwenye msuli huepukwa kwa kuwa huacha uvimbe wa damu. Ribavirini, dawa ya virusi ambayo imetumika kwa miaka mingi, ndiyo inayoleta mabishano. Katika wanyama wa majaribio imeharibu vijusi, hudumu mwilini, na wanawake wanaoitumia huambiwa wasishike mimba kwa miezi kadhaa baadaye. Wapo madaktari waliowapa wajawazito walipoona mama anakwenda, kwa hoja kwamba mtoto hana maisha mama akifa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama dawa yenyewe ingekuwa na uhakika, lakini mapitio ya tafiti yaliyofanywa chini ya Cochrane mwaka 2018 yalihitimisha kwamba ushahidi hautoshi kusema inaokoa maisha. Kwa mtazamo wangu, hospitali yenye ribavirini kabatini lakini haina chembesahani wala plazma imekosea mahali pa kuanzia, na pale dawa inapofikiriwa, mama na mumewe waelezwe wazi kinachojulikana na kisichojulikana kabla ya kukubali.

Swali la mtoto linafuata hapohapo. Wako wanaoamini kwamba kuitoa mimba, au kuharakisha kujifungua, kutampunguzia mama mzigo. Kwa HELLP ni kweli. Kwa homa hii, hakuna ushahidi unaoruhusu kulifanya hilo kanuni, na wapo wajawazito katika kumbukumbu hizo ambao walitunzwa, damu ikarudi hali yake, mimba ikaendelea na wakajifungua watoto wazima. Uamuzi wa kupasua ubaki kwa sababu za kiuzazi zisizokwepeka, na ukifanyika, kila aliye chumbani awe anajua kilichomo katika damu ile. Mtoto akizaliwa wakati mama bado anaumwa, apimwe na kuchunguzwa chembesahani zake hata akilia vizuri na kunyonya vizuri, kwa sababu virusi vinaweza kumfikia tumboni au wakati wa kuzaliwa.

Turudi zizini, kwa maana wodi hupokea tu kilichoanzia huko. Mjamzito hana haja ya kuacha kula nyama. Nyama iliyoiva haina virusi hivi, na hata nyama iliyotundikwa saa kadhaa baada ya kuchinjwa hupoteza nguvu ya kuambukiza kwa sababu ya asidi inayojitengeneza ndani yake. Hatari imo katika damu ya moto, ini na matumbo yanayooshwa mara tu mnyama anapoanguka. Maziwa yachemshwe. Kuchinja, kuchuna, kuosha matumbo na kung'oa kupe ni kazi ambazo familia inaweza kumpumzisha mama kwa miezi tisa, na mume anayeona hilo ni uvivu akumbuke takwimu ya mama mmoja katika watatu. Asipoweza kuepuka, avae glovu, nguo ndefu za rangi nyepesi ambazo kupe huonekana juu yake, na ajikague jioni nyuma ya magoti, kinenani na kwapani. Kupe aliyeuma avutwe polepole kwa kibano kilichoshika karibu na ngozi, bila kumminya, bila moto wala mafuta ya taa. Kwa Waswahili wa Oman na wa Ghuba kuna msimu wa kuangalia zaidi: Eid al-Adha husogea mwaka hadi mwaka kwa kalenda ya mwezi, na inapoangukia miezi ya joto, ambayo kupe wamechangamka, uchinjaji wa nyumbani huwakutanisha wasiozoea damu na wanyama waliosafirishwa kutoka mbali. Oman huwa na wagonjwa wa homa hii, na serikali huwahimiza watu wapeleke wanyama machinjioni.

Shirika la Afya Duniani linashauri mifugo iwekwe bila kupe, kwa dawa, wiki mbili kabla ya kuchinjwa. Ushauri huo ni mwepesi kuandika kuliko kutekeleza, kwa sababu mfugaji haoni mnyama wake akiumwa na virusi hivi na hana sababu ya kulipia dawa kwa ajili yake. Irak ilionyesha mwaka 2022 kinachotokea udhibiti wa kupe ukilegea: kampeni za kunyunyizia mifugo zilikuwa zimekwama wakati wa korona, na katika miezi mitano ya kwanza ya mwaka huo walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 200, wakiwamo wa kushukiwa, jimbo la kusini la Dhi Qar likiwa limeathirika zaidi. Afrika Mashariki ina nafasi ambayo Irak haikuwa nayo. Hapa mfugaji anaogesha ng'ombe kwa kuogopa ndigana kali, na josho linalofanya kazi dhidi ya kupe wa masikioni humwangusha pia Hyalomma, mradi dawa ni halisi na imechanganywa kwa kipimo. Uganda tayari ina kupe waliozoea dawa kutokana na kubahatisha vipimo. Afisa mifugo wa wilaya ndiye anayejua ni majosho gani yamekauka na ni vijiji gani vimejaa kupe mwaka huu. Mkunga wa zahanati ya kijiji hichohicho kwa kawaida hana habari hiyo. Kikao cha mwezi cha wilaya kinaweza kumpa, na msimu huo aliulize swali lake kwa kila mjamzito anayeingia na homa.